Hakikisheni Khabari: Kisa cha Kirusi cha Panya



Mwezi uliopita tulipokea barua ya msichana mmoja katika wasomaji wetu. Anasema kuwa dada yake ana mtoto aliyekwisha timiza miezi 9, na siku yake ya kupelekwa kudungwa sindano ya surua imepita wala hakupelekwa. Sababu ni maneno ambayo dada huyo ameletewa katika simu: kwamba wataalamu wa Marekani wamegundua kirusi cha panya katika damu ya watu, kwamba kirusi hicho huingia mwilini kwa njia ya chanjo, na kwamba humwachia mtu uchovu usiomtoka maisha yake yote. Msichana huyu anatuuliza: "Je, Mwalimu, khabari hii ni ya kweli? Na kama si ya kweli, imetoka wapi?"

Twamshukuru kwa kuuliza kabla ya kumpelekea mwengine khabari hiyo. Tumeona bora tumjibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa twajua ya kuwa khabari za namna hii zimekwisha ingia katika nyumba nyingi. Lakini na tukiri kwanza: sisi si watu wa maabara. Tulichosoma ni Qur'ani na masomo ya skuli ya msingi. Kwa hivyo tulimwita mtoto wa ndugu yetu, ambaye kazi yake ni kupima damu hospitali, tukakaa naye jioni tatu baada ya sala ya Isha. Akatusomea yaliyoandikwa na wataalamu wenyewe, akatufasiria jambo moja moja, nasi tukamwuliza mpaka tukaridhika. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Panya wa nyumbani ana virusi vya namna yake ambavyo wataalamu huviita retrovirusi. Mwaka 1951 Daktari Ludwik Gross wa New York alionyesha ya kuwa saratani ya damu ya panya yaweza kupitishwa kwa panya wachanga kwa maji yasiyo na seli yaliyotolewa katika mwili wa panya mgonjwa. Ikajulikana ya kuwa ndani ya maji yale mna kitu kidogo kuliko seli, nacho ndicho kirusi. Kisha mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja mahali pake, wakakigundua kimeng'enya ambacho virusi vya jamii hii hukitumia. Temin alikipata katika kirusi cha kuku, na Baltimore alikipata katika kirusi cha panya na cha kuku pia. Wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1975 pamoja na mwenzao Renato Dulbecco.

Kazi ya kimeng'enya hicho ni kunakili. Maandishi ya urithi ya kirusi hiki yameandikwa katika RNA. Kirusi kinapoingia katika seli, kimeng'enya huyanakili maandishi hayo yakawa DNA, kisha nakala hiyo huchomekwa katikati ya maandishi ya seli yenyewe, kama ukurasa wa mgeni ulioshonwa ndani ya kitabu cha mwenye nyumba. Tangu hapo kila seli inapogawanyika, ukurasa ule nao hunakiliwa. Na ikiwa imetokea katika seli za uzazi, basi watoto na wajukuu huurithi. Kwa njia hii, katika muda mrefu mno, panya wamejikusanyia kurasa nyingi za virusi vya zamani, hata karibu sehemu moja katika kumi ya maandishi yao ya urithi ni ya asili hiyo. Nyingi katika kurasa hizo zimeharibika, hazitoi kirusi kilicho hai.

Sasa, mnakili huyu ana tabia mbili. Ya kwanza, hukosea, wala hana wa kumsahihisha. Kwa hivyo virusi vyake haviishi kubadilika. Ya pili ni ya ajabu zaidi. Kila kirusi hubeba nakala mbili za maandishi yake, na mara nyingine nakala hizo huwa zimetoka katika virusi viwili mbalimbali. Hapo kimeng'enya huwa kama mwanafunzi aliyefunuliwa vitabu viwili mbele yake: huanza kunakili katika hiki, jicho likaruka katika kile, kisha likarudi. Kinachotoka ni kitabu cha tatu, chenye maneno ya vyote viwili, ambacho hakijapata kuwako. Na huenda vile vitabu viwili vyote vilikuwa vibovu, hiki kimepotelewa na mwanzo na kile kimepotelewa na mwisho, lakini hiki cha tatu kikawa kizima. Msomaji na alishike neno hili, maana ndilo ufunguo wa kisa chote.

Mwaka 2006 wataalamu wa Cleveland na San Francisco, huko Marekani, walitangaza ya kuwa wameona alama za kirusi kipya katika vipande vya tezi dume vya wagonjwa wa saratani. Kirusi hicho kilifanana mno na virusi vya panya, wakakipa jina la XMRV. Baadaye, mnamo Oktoba 2009, Judy Mikovits na wenzake wa mji wa Reno wakaandika katika jarida la Science ya kuwa wamekiona kirusi hicho katika damu ya wagonjwa 68 kati ya 101 wenye maradhi ya uchovu sugu, na katika watu wazima wa afya wamekiona kwa 8 tu kati ya 218.

Ndugu zetu, yafaa tufahamu habari hii iliwafikia watu wa namna gani. Mwenye uchovu sugu hulala akaamka amechoka kuliko alivyolala. Akifanya kazi ndogo leo, huenda kesho na kesho kutwa asiweze kuinuka kitandani. Humwendea daktari, damu yake ikipimwa haonekani na kitu, akarudi nyumbani akaambiwa kuwa ana uvivu au ana wasiwasi wa moyo. Watu hawa walipoambiwa ya kuwa maradhi yao yana kirusi chenye jina, walilia kwa furaha. Walisadikiwa hatimaye. Wakatoka wenye kuuza vipimo vya kirusi hicho. Wako wagonjwa walioanza kumeza dawa kali zinazotumiwa kwa UKIMWI, kwa tamaa ya kuwa huenda zikawaponya. Na wenye kusimamia damu ya kuongezewa wagonjwa wakaingia khofu. Mwaka 2010 Msalaba Mwekundu wa Marekani ukakataa kupokea damu ya watu wenye maradhi hayo.

Na hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na mwanafunzi chuoni ambaye kila akikaa penye msahafu husinzia. Tulimwita mvivu mbele ya wenzake, na fimbo yetu ilimgusa zaidi ya mara moja. Baadaye mama yake alimpeleka hospitali, ikaonekana ya kuwa damu yake ilikuwa imepungua kwa kadiri ya kushangaza hata yule mtoto aweze kutembea kuja kwetu. Tulimwomba radhi, naye alitusamehe, lakini sisi hatujasahau. Kwa hivyo hatuwezi kuwacheka wagonjwa wale wa Marekani kwa kuishika khabari ile kwa mikono miwili.

Basi nini kilifuata? Wataalamu wa nchi nyingine wakatafuta. Mwanzoni mwa mwaka 2010 Waingereza walitafuta katika damu ya wagonjwa wao, hawakukiona kirusi kile kuwa ndio sababu ya maradhi. Waholanzi nao wakatafuta, wasikione. Ikawa mashaka. Wengine wakasema huenda kirusi kiko Marekani tu. Wengine wakaanza kuuliza swali zito zaidi: je, kilichoonekana kilitoka katika damu ya mgonjwa, au kiliingia katika vyombo vya maabara? Maana kipimo kilichotumiwa huzidisha alama ndogo kabisa ya DNA mara mamilioni hata ionekane, na panya ni wengi katika maabara. Mwishoni mwa mwaka 2010 ikabainika ya kuwa hata baadhi ya dawa za kupimia zilizonunuliwa madukani zilikuwa na chembe za DNA ya panya ndani yake.

Ikaja hoja ya pili, nayo sisi walimu wa chuoni tuliielewa mara moja bila ya kufasiriwa. Tumesema kuwa kirusi cha namna hii hubadilika kila kinaponakiliwa. Kama kingekuwa kimepita katika watu wengi wa miji mingi kwa miaka mingi, basi kile cha mgonjwa huyu kingepambanuka na kile cha yule. Lakini walipolinganisha, walikuta vya wagonjwa wote vimefanana kama pacha. Bali tofauti zaidi zilionekana katika virusi vilivyotoka katika ukoo mmoja wa seli za maabara uitwao 22Rv1. Mfano wake ni watoto kumi wanaokuletea ubao wenye kosa lile lile mahali pale pale. Husemi kuwa kila mmoja amekosea kwa nafsi yake. Watafuta ubao wa kwanza walionakili.

Ubao wa kwanza ulipatikana mwaka 2011. Vinay Pathak, John Coffin na wenzao walifuata historia ya ukoo ule wa seli hatua kwa hatua. Seli za 22Rv1 asili yake ni uvimbe wa saratani ya tezi dume wa mtu mmoja. Uvimbe huo ulipandikizwa chini ya ngozi ya panya wasio na manyoya, ambao kinga ya miili yao ni dhaifu na kwa hivyo hawakikatai kitu kigeni. Ulipokua ukahamishwa kwa panya mwengine, na mwengine, kwa miaka. Kwa bahati njema vipande vya uvimbe wa nyakati mbalimbali vilikuwa vimehifadhiwa. Wakavipima. Vile vya mwanzo havikuwa na XMRV. Vile vya baadaye vilikuwa nacho. Na katika maandishi ya urithi ya panya wenyewe wakakuta kurasa mbili za kale: mmoja unafanana na nusu moja ya XMRV, na mwengine unafanana na nusu ya pili. Kurasa hizo mbili zilinakiliwa pamoja, jicho la mnakili likaruka huku na huku, na kati ya mwaka 1993 na 1996 kikazaliwa kirusi kipya ndani ya uvimbe ule wa kibinadamu uliokuwa ukikuzwa mgongoni mwa panya. Wakakadiria ya kuwa uwezekano wa kirusi kile kile kuzaliwa vile vile mara ya pili mahali pengine ni karibu mara moja katika milioni ya milioni.

Kwa hivyo maana yake ni wazi. Kirusi kile kilikuwa ni kirusi cha kweli, kilicho hai, lakini hakikutoka kwa wagonjwa. Kilizaliwa katika uvimbe ule, kikaingia katika seli za 22Rv1, seli ambazo hukimwaga kwa wingi, nazo zilitumiwa katika maabara nyingi. Kutoka huko alama zake zikaingia katika vipande vya watu wengine, na wenye kupima wakadhani wamekiona ndani ya watu.

Mwaka huo huo wa 2011 maabara 9 zilipewa damu iliyotiwa alama za siri, baadhi ikiwa ya watu waliokwisha ambiwa kuwa wana kirusi na baadhi ya watu wazima wa afya, hata mpimaji asijue ipi ni ya nani. Hapana maabara iliyoweza kuwapambanua kwa njia ya kutegemewa. Robert Silverman wa Cleveland, ambaye alikuwa miongoni mwa waliokitangaza kirusi tangu mwaka 2006, akarudi kuvikagua vipande vyake, akaona vimechafuka, akaifuta sehemu yake katika makala ya 2009. Mnamo Desemba 2011 jarida la Science likaifuta makala yote. Mwaka 2012 Ian Lipkin wa New York akasimamia uchunguzi wa mwisho, wa wagonjwa 147 na watu wazima wa afya 146. Mikovits mwenyewe alikuwa miongoni mwa washiriki wake. Hakuonekana hata mmoja mwenye kirusi hicho, naye akakiri matokeo hayo pamoja na wenzake. Makala ile ya mwaka 2006 nayo ikafutwa.

Hayo ndiyo majibu ya swali la kwanza la msichana wetu. Khabari aliyoletewa dada yake ina asili, lakini asili yake imekwisha futwa na wenyewe tangu miaka mingi, na walioendelea kuieneza hawakusema kuwa imefutwa. Ama chanjo, tumeelezwa ya kuwa kirusi cha chanjo ya surua hakikuzwi katika seli za panya. Na mpaka leo hapana mwanadamu aliyethibitika kuwa ameambukizwa XMRV. Lakini surua ni maradhi ya yakini, huambukiza kwa pumzi, na huua watoto. Dada yake amekimbia kitu kisichokuwako akamwacha mwanawe mbele ya kitu kilichoko. Tunamwomba ampeleke mtoto wiki hii, asingoje. Siku iliyopita haimzuii kuchanjwa.

Sasa tuna neno kwa vijana wetu. Katika Sura ya Hujurat Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuihakikisha khabari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na wanachuoni wetu wa Hadithi waliifanya amri hiyo kuwa ni elimu kamili. Imam Bukhari, aliyezaliwa mwaka 194 wa Hijra, hakutosheka na maneno kuwa mazuri. Aliuliza yamepokewa na nani kutoka kwa nani, na kama wawili hao walipata kukutana. Wanachuoni hao walijua pia ya kuwa huenda mpokezi ni mkweli, mchaji Mungu, na juu ya hayo neno lake mwenyewe la kufasiria likachanganyika na maneno ya Hadithi bila ya yeye kukusudia, na waliokuja baada yake wakadhani ni Hadithi yote. Wakaliwekea jambo hilo jina mbalimbali na la uwongo: wakaliita mudraj, yaani kilichotiwa ndani. Hawakumtukana mpokezi. Walikitoa kilichoingia, wakaacha kilicho sahihi.

Basi wataalamu wale wa maabara nao walifanya hivyo hivyo mwishowe, na laiti wangalifanya mapema. Kipande cha mgonjwa kimepita mikononi mwa nani? Katika chombo gani? Karibu na seli zipi? Huo ndio usuli wa khabari katika kazi yao. Waliosema "Tumekosea" hawakupungukiwa na heshima machoni petu. Bali twaona ya kuwa kulifuta neno lako hadharani, baada ya kusifiwa kwalo dunia nzima, ni jambo zito kuliko kulisema. Wangapi katika sisi tumetuma khabari kwa watu mia, ikabainika kuwa ni ya uwongo, tukatuma na ya kuifuta kwa watu mia wale wale?

Asitokee mtu akasema: kumbe elimu yao haina maana, leo wasema hivi na kesho vile. Hayo si haki. Aliyegundua kosa si mtu wa nje aliyewashinda kwa maneno. Ni watu wa elimu ile ile, kwa vipimo vile vile, wakiongeza uangalifu. Elimu isiyojikagua ndiyo ya kuogopwa.

Na wala asitokee wa kusema: kwa kuwa kirusi hakikuwako, basi na maradhi hayakuwako. Hili ni kosa la pili, nalo huwaumiza wanyonge. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti ikisema wazi ya kuwa uchovu sugu ni maradhi ya kweli, mazito, ya mwili. Sababu iliyotajwa ndiyo iliyobatilika. Mgonjwa yu pale pale kitandani. Ikiwa nyumbani kwako yuko mtoto au mke au mzee asemaye kuwa amechoka, nawe humwoni na jeraha wala homa, usiwe mwepesi wa kumhukumu. Mpeleke apimwe, na akitoka bila ya jibu mwendee kwa upole, kwani kukosa jibu kwa daktari si ushahidi kuwa mgonjwa amesema uwongo. Sisi tulihukumu kabla ya kuuliza, na mnajua lililotupata.

Msichana wetu, msomee dada yako maneno haya kwa taratibu, wala usimcheke. Aliogopa kwa ajili ya mwanawe, na khofu ya mama si dhambi. Mwambie tu ya kuwa mapenzi yake yataka yakini mbele yake. Nawe utuandikie utakapokwisha mpeleka mtoto, tupate kufurahi pamoja nanyi.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, atuonyeshe batili tuiepuke, na awaponye wagonjwa wetu wote, wanaojulikana maradhi yao na wasiojulikana. Amin. Wabillahi tawfiq.